Siku moja maishani mwangu: viunzi na maji Namboole

Saa kumi na moja alfajiri niliamka katika bweni tulilopangiwa Bweyogerere, karibu na Uwanja wa Taifa wa Mandela, ambao hapa Uganda kila mtu huuita Namboole. Nina umri wa miaka 17, ni mwanafunzi wa sekondari kutoka Bukwo, upande wa mpaka wa Suam kati ya Uganda na Kenya, ambako Mama huuza vitunguu na maharage kwa wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili ndicho tunachokitumia sokoni na nyumbani pia. Siku hiyo nilikuwa nikishiriki mashindano ya taifa ya riadha, katika mbio za wanawake za mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Saa kumi na mbili Mwalimu alitutoa nje kwa mbio nyepesi za kuamsha mwili. Kampala iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, chini sana ya vilima vyetu vya Mlima Elgon, hivyo mapafu hufanya kazi kwa raha zaidi kuliko nyumbani. Hata hivyo, joto la mchana ni gumu kwetu tuliozoea ukungu, na kwa sababu hiyo Mwalimu alitusisitizia tunywe maji kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya kungoja kiu. Kiamshakinywa kilikuwa chai ya maziwa, mkate na ndizi mbivu. Maharage hayaliwi siku ya mbio, hilo kila mmoja wetu analijua.

Saa tatu asubuhi tuliruhusiwa kuingia uwanjani kuutazama mruko wa maji, na hapo ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa watu wengi wanaoutazama mchezo huu kwenye televisheni hufurahia maji yanavyoruka bila kujua kinachotokea mguuni. Kila mzunguko kamili una vikwazo vitano, na cha nne kati ya hivyo ni kile cha maji. Kwa mizunguko saba kamili, jumla yake ni viunzi 28 na miruko 7 ya maji. Kiunzi cha wanawake kina kimo cha sentimita 76.2, nacho si kama vile vya mbio fupi vinavyoanguka ukivigusa: kina uzito wa kilo 80 au zaidi, kwa hiyo goti likikigonga, kinachoanguka ni mkimbiaji. Nyuma ya kiunzi cha maji kuna shimo lenye urefu wa mita 3.66, ambalo kina chake ni kikubwa karibu na kiunzi, kisha sakafu yake hupanda polepole hadi kulingana na njia ya kukimbilia. Maana yake ni kwamba anayeruka mbali hutua kwenye maji machache na kuendelea na mwendo, ilhali anayeruka karibu huzama hadi magotini na kulazimika kujinyanyua kama mtu anayepanda ngazi.

Niliinama nikaipapasa kwa kiganja boriti, yaani mti wa juu wa kiunzi cha maji. Juu ina upana wa sentimita 12.7 tu, na rangi nyeupe ilikuwa imechubuliwa na meno ya viatu mahali pamoja, kidogo kuliani mwa katikati. Kushoto kwa alama hizo boriti ilikuwa bado laini. Mwalimu aliniambia nichague upande nitakaoukanyaga nikiwa peke yangu na mwingine nitakaoutumia nikiwa katikati ya kundi, nami nilisimama hapo nikipima kwa macho hatua zangu za mwisho, mara kwa upande huu, mara kwa ule, mpaka msimamizi wa uwanja alipotuomba kwa upole tuondoke.

Shuleni kwetu hatuna shimo la maji. Viunzi vyetu ni magogo ya mkaratusi yaliyopachikwa juu ya miti yenye panda, kandokando ya uwanja wa mpira, na kwa magogo hayo mtu anaweza kujifunza kupima hatua na kuvuka bila kupunguza kasi. Kwa ajili ya maji tulichimba shimo, lakini mvua zilipoligeuza kuwa tope Mwalimu alilijaza mchanga, nasi tangu hapo tunatua mchangani. Mchanga unamfundisha mtu kujirusha mbali. Haumfundishi kutua kwa mguu mmoja juu ya sakafu iliyoinama na yenye utelezi, kisha kutoa hatua inayofuata huku kiatu kimejaa maji. Ninaliandika hili kwa uchungu wa kweli, kwa sababu bingwa mkubwa wa mchezo huu tuliyewahi kuwa naye ni binti wa Bukwo, na wasichana wa Bukwo wanaotamani kumfuata wanastahili shimo lenye maji.

Ninamzungumzia Peruth Chemutai. Mnamo Agosti 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, alikimbia dakika 9 na sekunde 1.45 akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Paris mwaka 2024 alikimbia kasi zaidi, dakika 8 na sekunde 53.34, akapata medali ya fedha nyuma ya Winfred Yavi wa Bahrain. Kinachonigusa kuliko medali zote mbili ni kwamba alipokwenda Rio mwaka 2016 alikuwa na miaka 17 na hakufika fainali. Kati ya Rio na Tokyo kuna miaka mitano ya kazi.

Kuanzia saa nne hadi saa saba nilikaa kivulini chini ya jukwaa, miguu nikiwa nimeiinua ukutani. Dada mmoja wa timu ya riadha ya Idara ya Magereza, ambaye wenzake wadogo kazini humwita afande, aliketi nami akanisimulia yaliyomkuta Beatrice Chepkoech wa Kenya katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017: alikuwa mbele, akapitiliza mchepuo unaoelekea kwenye kiunzi cha maji akiifuata njia ya kawaida, ikabidi arudi nyuma kuuruka, na bado akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata huko Monaco aliweka rekodi ya dunia ya dakika 8 na sekunde 44.32. “Mdogo wangu,” aliniambia, “ukifika kwenye maji macho yako yatangulie kuvuka. Usiyaache nyuma yakitazama boriti.”

Saa nane nilikula wali mdogo mweupe. Saa tisa nilianza kupasha misuli moto, na baada ya hapo tukaitwa chumba cha ukaguzi, ambako msimamizi alitazama namba zetu za vifuani na kupima meno ya viatu, yasiyoruhusiwa kuzidi milimita 9. Sikuvaa soksi, kwa kuwa soksi ikilowa huwa nzito na hukunja ngozi.

Mbio zilianza saa kumi na dakika chache. Hapakuwa na kiunzi hadi tulipoanza mzunguko kamili wa kwanza, na sehemu hiyo huwadanganya wengi wakaondoka kwa pupa. Mpango wetu ulikuwa sekunde 82 kwa kila mzunguko, basi nikawaacha wakubwa waende, nami nikabaki katika kundi la pili. Kwenye maji ya kwanza nilikanyaga upande wa kushoto wa boriti, pale palipokuwa laini, nikatua kwa mguu mmoja, maji yakanifika chini kidogo ya goti. Yalikuwa ya baridi kuliko nilivyotarajia, na baridi hiyo ilinifurahisha, kwa maana jua lilikuwa limekwisha kunikausha koo.

Mruko wa tatu ulikuwa mgumu kuliko yote. Wakimbiaji watatu walikuwa wamejipanga bega kwa bega mbele yangu na sikuiona boriti mpaka walipoondoka juu yake, hivyo nilifupisha hatua, nikapanda polepole, nikatua kwenye kina. Nyayo zilikuwa nzito kwa mita nyingi baada ya hapo. Nilipovuka kiunzi kilichofuata nilihamia nje, njia ya pili, nikikubali kukimbia umbali mrefu kidogo ili nione ninachokirukia, na kuanzia mzunguko wa tano nilianza kuwapita mmoja mmoja, karibu kila mara pale kwenye maji, kwa kuwa wao walikuwa wakipunguza mwendo nami nilikuwa bado naongeza. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia nilikuwa wa saba. Nilimaliza wa tano kwa dakika 10 na sekunde 14, muda wangu bora, na yule dada wa Magereza, aliyekuwa wa pili, alinishika mkono nisilale chini, akanitembeza.

Saa kumi na mbili jioni nilimpigia Mama. Aliuliza kwanza kama nimeumia, kisha kama nimekula, halafu ndipo akauliza nafasi. Nilipomwambia wa tano katika Uganda nzima aliwatangazia watu waliokuwa naye dukani, na nikawasikia wakipiga vigelegele.

Baada ya chakula cha usiku, posho (ugali) na nyama, Mwalimu alituonyesha video aliyoirekodi kwa simu, akiisimamisha kila nilipokanyaga boriti. Katika miruko minne kati ya saba mguu wangu wa pili ulikuwa ukigusa maji tena kabla ya kufika njia kavu. Alikuwa tayari amekwenda kwa wasimamizi kuomba tulitumie shimo kesho asubuhi kabla ya basi la Mbale kuondoka, nao wamekubali kutupa nusu saa kuanzia saa moja. Tutafanya kutua tu, kwa mwendo mdogo, kwanza mguu wa kulia, kisha wa kushoto.