Nilivyowapata Mafundi wa Vipuri vya Garratt Yangu Ndogo

Tangu nilipoanza kuunda modeli ya injini ya treni ya mvuke, aina ya Garratt, ya daraja (yaani kundi) la 59 la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, nimekuwa nikipewa ushauri ule ule: agizia kila kitu ng'ambo, maana hapa kwetu hakuna awezaye kazi hiyo. Ushauri huo uliniudhi zamani na unaniudhi hata sasa, kwa sababu wanaoutoa hawajawahi kubisha hodi kwenye karakana hata moja. Leo modeli yangu inatembea kwa mvuke wa kweli, na dohani yake, magurudumu, matangi na vibao vya jina vimetengenezwa na watu wa Nairobi na Mombasa ambao kabla yangu hawakuwa wametengeneza kipuri chochote cha treni.

Injini zenyewe zilikuwa 34, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, zikipandisha mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Katika Garratt boila ni moja, iko katikati, nayo hubebwa na seti mbili za silinda na magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, hivyo magurudumu yote ni 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yanayosukumwa na mvuke. Nilichagua uwiano wa 1:22.5 kwa sababu njia ya reli yenye upana wa mita moja hupungua ikawa milimita 44 na ushei, na njia ya modeli ya milimita 45 inapatikana madukani. Kwa uwiano huo injini nzima inakaribia urefu wa mita moja na nusu, kwa hiyo usianze kabla hujajua utaiweka wapi.

Vipimo nilivichukua mwenyewe kwenye Mount Gelai, namba 5918, iliyomo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Omba ruhusa, lipa kiingilio, nenda na mtu wa kukushikia utepe. Nilibeba pia fimbo iliyopakwa rangi mbili kwa zamu kila sentimita 10, nikawa naisimamisha kando ya kila kitu ninachokipiga picha. Picha nilizipiga kutoka mbali kwa kuvuta lenzi, kwa kuwa ukisogea karibu mistari hupinda na vipimo vyote huharibika.

Kipuri kilichonisumbua kuliko vyote ni dohani. Injini za daraja la 59 zilifungwa dohani ya Giesl, iliyobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria. Badala ya mvuke uliokwisha kazi kutokea kwenye tundu moja, hupitia vitundu kadhaa vilivyopangwa mstari mmoja, na kwa hiyo dohani huwa nyembamba ukiitazama kwa mbele na ndefu ukiitazama ubavuni. Bila umbo hilo, mtu yeyote aliyewahi kuziona injini hizi atakwambia papo hapo kwamba hiyo siyo.

Karakana moja ya ng'ambo, yenye sifa ya kusubu vipuri vidogo, yaani kuvitengeneza kwa madini yaliyoyeyushwa, ilikubali kunitengenezea. Niliwapelekea picha za mbele, picha za ubavuni na mchoro wenye vipimo vyote. Baada ya miezi mingi kikaja kisanduku kilichofungwa vizuri, na ndani yake dohani iliyong'arishwa kwa ustadi mkubwa, ya mviringo kama mkebe wa maziwa. Fundi wao alikuwa ameitazama picha ya mbele, akauchukua ule upana mdogo kuwa ndio kipenyo, kisha akaamua kwamba mchoro wa ubavuni una kosa, kwa vile dohani zote alizowahi kusubu zilikuwa za mviringo. Akausahihisha bila kuniuliza. Fedha haikurudi, na ukijumlisha usafiri na ushuru wa forodha, ilikuwa imenitoka zaidi ya shilingi elfu ishirini. Tangu hapo kila mchoro ninaompa fundi huambatana na picha ya kipuri kikionekana kutoka juu, na juu yake nimeandika kwa wino mwekundu jambo lisiloruhusiwa kubadilishwa.

Baada ya hapo wapo waliosema nichapishe dohani ya plastiki, yaishe. Plastiki ya kawaida ya printa za 3D huanza kulainika ikifika nyuzi 60 hivi, na dohani ya modeli ya mvuke hupitiwa na mvuke pamoja na gesi za moto. Anayetoa ushauri huo hajawahi kuwasha boila.

Suluhisho nilikuja kuliona kwa sonara mmoja wa Mombasa, nilipomsindikiza dada yangu kuchukua pete. Juu ya meza palikuwa na shina dogo la nta lililozungukwa na pete za nta, kila moja imeshikizwa kwa kikonyo chake. Shina hilo husimamishwa ndani ya kopo la chuma, likamiminiwa plasta, likatiwa tanuri usiku kucha hadi nta yote iungue, kisha madini yaliyoyeyuka yakaingia mahali pake. Nilipomweleza shida yangu alitikisa kichwa. «Mwanangu, mimi nasubu dhahabu na fedha. Shaba ya manjano ina moshi mbaya.» Nikamwambia, «Mzee, nakuomba ujaribu kipande kimoja tu, gharama ni juu yangu.» Akaniambia nilete kielelezo.

Kielelezo nilichapishiwa na kijana wa Nairobi, kwa ile resini maalumu inayoungua bila kuacha majivu. Nilikikuza kwa asilimia mbili, maana madini hunywea yanapopoa. Mzee alikigeuzageuza kwenye mwanga, akakataa kuta zenye unene chini ya milimita moja, nami nikazinenepesha kwa upande wa ndani usioonekana. Kikonyo alikiweka kwenye kitako, ili alama ya tupa ifichwe na boila. Moshi nao aliumaliza kwa namna yake: aliiacha shaba ya manjano yenye zinki, akachanganya shaba nyekundu na madini ya bati. Dohani ilitoka na ukingo wake wa juu umekaa sawasawa, mwembamba, bila tundu hata moja la hewa. Alinitoza elfu nne na kitu, nami nilikuwa tayari kulipa mara mbili.

Magurudumu yalikuwa rahisi zaidi. Makubwa ya injini halisi yana kipenyo cha milimita 1,372, kwa hiyo yangu ni 61. Fundi wa kukereza vyuma hakuhitaji maelezo marefu. Nilimpa kiolezo cha bati nilichokikata kwa umbo la ukingo wa gurudumu, pamoja na kipande cha reli ya kujaribia. Matangi yalikunjwa na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, ambao kwa kukunja bati na kupiga ribiti sijaona wa kuwashinda.

Kwenye boila pekee usikubali ujanja wowote. Ni ya shaba nyekundu, imelehemiwa kwa fedha na wala si kwa risasi, na kabla ya kuwashwa ilijazwa maji na kusukumwa hadi mara mbili ya shinikizo la kazi. Fundi asiyetaka kuipima mbele yako, chukua boila yako uondoke.

Vibao vya Mount Gelai vilichongwa kwa asidi na fundi anayetengeneza sakiti za redio, naye aliniomba herufi nene kidogo kuliko za asili ili asidi isizile. Sasa imebaki rangi, damu ya mzee ile ya shirika, na nimeshapeleka kipande cha bati kwa mpaka rangi wa magari ili tuijaribu kwenye joto kabla haijagusa injini.