Leo miguu si yangu jamani

Si mnajua huku Derbyshire, Uingereza, ni vilima tupu, mwaka mzima baiskeli naiogopa maana barabara nyembamba na magari yanakupita yakikupangusa kiwiko. Jirani akaniambia nenda Monsal Trail, ilikuwa njia ya reli, treni ziliacha kupita 1968, sasa ni baiskeli, farasi na waenda kwa miguu tu, kilomita kama 14 hivi, gari hata moja hakuna.

Nikakodi baiskeli pale Hassop Station nikaanza mdogo mdogo.

Na treni si haipandi mlima mkali, basi njia yenyewe imelala tu, vilima unaviona pembeni, wewe unapita katikati.

Katikati kweli, kuna mahandaki! Yamefunguliwa kwa baiskeli tangu 2011, taa zimo.

La Headstone ndo limenimaliza. Nje jua, ndani baridi kama friji, mara tone la maji likanidondokea shingoni nikapiga ukelele "mama weee" na handaki lote likanijibu mama weee... Mzee mmoja anakuja mbele yangu akagonga kengele yake mara mbili, kring kring, kama ananipa pole 😂

Unatokea upande wa pili, ghafla uko juu ya daraja refu, mto Wye uko chini kuleee. Nikashuka nikasimama tu, hata simu nilisahau kutoa.

Nani yuko karibu twende Jumamosi? Na nyie mnaoendesha kila siku, hivi makalio yanaacha kuuma lini?