Usukani mgumu kwenye gari la zamani: pampu haijaguswa bado

Pawa stelingi ya gari hili ni ya mafuta. Mkanda wa injini unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwenye reki, kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele. Usukani umekuwa mzito, hasa wakati wa kuegesha, na kila niliyemgusia alitaja pampu kabla sijamaliza kueleza. Huenda. Ila pampu ni ghali na kuitoa ni kuchafuka hadi viwikoni, kwa hiyo haifunguliwi mpaka vingine vyote vithibitike vizima.

Jumamosi

Upepo wa tairi za mbele uko sawa. Mafuta kwenye kopo la pawa stelingi yapo kati ya alama mbili, yameanza kuwa ya kahawia, lakini hayana povu. Povu ndilo nililolitafuta: mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu unavuta, hausukumi, hivyo ukiwa na ufa unaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Mkanda haujang'aa kwa kuteleza, na usukani ukifika mwisho haupigi kelele. Pampu nayo haivumi.

Kilichonishtua kilitokea barabarani. Nikimaliza kona na kulegeza mikono, usukani unabaki palepale. Pampu ikichoka, gari huwa zito kuligeuza likiwa limesimama au likitambaa, lakini likishika mwendo, magurudumu yenyewe huurudisha usukani katikati. Usiporudi, maana yake kuna mahali panabana. Nguvu iliyopungua na kitu kinachobana huleta uzito unaofanana mikononi, ila tiba zake ni tofauti kabisa, na nadhani pampu nyingi nzima hung'olewa kwa sababu hakuna aliyeuliza ni upi kati ya hayo mawili.

Jumapili

Mbele juu ya jeki, stendi chini, injini imezimwa. Sasa pampu haihusiki wala uzito wa gari haumo. Nikazungusha polepole kutoka mwisho hadi mwisho: zito, jepesi, zito, jepesi, kila nusu mzunguko. Boljointi kavu au bearing ya juu ya shokapu ingebana bila mpangilio huo. Kinachobana kwa zamu namna hii ni kitu kinachozunguka pamoja na usukani.

Chini ya usukani kuna shafti fupi inayoshuka hadi kwenye reki, yenye viungo vya msalaba vinavyoiruhusu ipinde. Kile cha chini kinakaa mahali ambapo maji na matope ya barabarani hufika. Kabla ya kuitenganisha niliweka alama ya rangi pande zote mbili, kisha nikafunga usukani kwa loki ya funguo. Usukani ukiachwa uzunguke ovyo shafti ikiwa nje, utakata utepe wa waya wa eabegi ulio nyuma yake.

Shafti ilipotoka, majibu yalikuja yenyewe. Usukani juu, loki ikifunguliwa na kuugeuza kidogo tu: mwepesi. Reki, nikiizungusha polepole kwa mkono: laini, bila kukwama. Kiungo cha chini: upande mmoja kinapinda vizuri, upande wa pili nilihitaji mikono miwili, kinalia kama bawaba ya geti lililoachwa mvuani.

Nilikipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikakikunjakunja mpaka kikaanza kutii, nikarudisha shafti kwa majaribio. Gari likageuka mtu mwingine. Usukani unarudi katikati wenyewe, na ule mzito-jepesi umetoweka.

Hapo si kupona. Ndani ya kiungo kuna roli nyembamba kama sindano. Grisi ikishaisha na kutu ikishazitafuna, mafuta ya kupuliza yatasaidia muda mfupi tu. Kwa kitu kinachounganisha mikono yangu na magurudumu sibahatishi, kwa hiyo nimeagiza shafti nzima, pamoja na bolti mpya za kuibana.

Kilichobaki

Asubuhi injini ikiwa baridi bado kuna uzito kidogo, na huu unaisha gari likipata joto. Huo ni wa mafuta au wa sili za ndani ya reki. Nitamwaga mafuta ya zamani na kujaza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo (si kila gari linakubali ATF ya kawaida, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki), na chujio lililo ndani ya kopo nitaliangalia hapohapo. Ikishindikana, nitatafuta kipimo cha presha cha kuazima. Valvu ya kipimo hicho haifungwi zaidi ya sekunde 5, la sivyo nitaiua mwenyewe pampu niliyoitetea muda wote huu.