Kuvu nyumbani kwa Sheha

Sheha ni chura. Watoto wa dada yangu walimpa jina hilo, la kiongozi wa mtaa, kwa sababu hukaa juu ya kigogo chake, macho yamemtoka, akimtazama kila anayepita. Nilimkuta bombani uani kwetu, Wete, Pemba, nikampa tangi la kioo lililokuwa la samaki. Chini nikatandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, majani makavu ya mwembe na kipande cha mpera.

Masika ya mwaka huu yakanitoa jasho. Asubuhi moja nakuta kigogo kimevaa manyoya meupe, kama pamba ya mto uliotatuka. Nikakifuta. Siku ya tatu yamerudi, yamepanda mpaka kwenye majani, na ukifunua kioo unapokewa na harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi.

Nikajiambia dawa ni kukausha. Siku mbili sikunyunyiza maji, na tangi nikalisogeza dirishani lipate jua. Kuvu haikufa, aliyetaka kufa ni Sheha. Chura hanywi kwa mdomo, maji huyafyonza kwa ngozi, na ngozi hiyohiyo humsaidia kupumua. Nilimkuta kajikunja pembeni, kapauka. Mbio nikamtia kwenye kibakuli cha maji ya mvua, kidogo tu, yasimfike puani.

Baba, ambaye tangu mwanzo hakutaka chura ndani, alikuwa barazani na kahawa yake.

"Karafuu mbichi ukiilaza ndani ya gunia, asubuhi unakuta nini?"

"Imeshapata moto, baba."

"Imenyeshewa?"

"Hapana."

"Haya."

Akarudi kwenye kikombe chake. Mimi nikarudi kulitazama tangi: kioo pande nne, na juu kioo tena. Hewa ilikuwa haina pa kupita.

Nikamhamishia Sheha kwenye ndoo yenye kifuniko nilichokitoboa, nikatoa kila kitu. Chini ya majani, nyenje watatu wamekufa, wameota kuvu kuliko hata kigogo! Nilikuwa nikimtupia sita kila jioni, kama nafuga paka. Siku hizi ni wawili watatu, jioni moja naruka, na asiyeliwa natoa asubuhi.

Tangi nililisugua kwa maji ya moto matupu. Sabuni na klorini sikuzisogeza karibu, kwa ajili ya ngozi ile. Kigogo na majani nilichemsha. Makumbi ya zamani nikatupa, na mapya nikachukua ya shambani, si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kusokotea kamba, maana yamekunywa chumvi. Chini yake vigae vya chungu, maji yapate kushuka. Kifuniko nikakigawa: nusu kioo, nusu wavu wa dirisha.

Kisha nikaenda migombani kutafuta wadudu. Chini ya majani yanayooza wapo weupe, wadogo kama chembe za chumvi, ukiwagusa wanaruka. Kuvu ndiyo chakula chao. Nikachota konzi moja ya majani pamoja nao, nikawapekua siafu wasiingie, nikamwaga tangini.

Wiki ya pili kigogo kikaanza tena manyoya. Mkono uliniwasha, nikajizuia. Siku chache baadaye nikamulika tochi usiku: vile vidudu vimejazana juu yake, na manyoya yamebaki mabaka mabaka.

Leo kona ya nyuma ina doa jeupe, dogo kama ukucha. Nimeliacha.