Gamay na mgongo wangu

Siku ya tatu toka nirudi Lyon na bado nikiinama kufunga viatu mgongo unalia. Nilienda kuchuma zabibu Beaujolais, vilima vya divai huku Ufaransa kaskazini mwa Lyon, wiki moja tu, jamaa yangu alinitafutia nafasi kwa mzee mmoja wa Morgon, sehemu ya huko huko Beaujolais, mwenye kashamba kadogo, nikasema poa, hela ya koti la baridi hiyo. Kumbe mizabibu ya kule mingi ni mifupi, haifiki kiunoni, unachuma umejikunja kama mpanda mpunga, mkasi mkono huu kichala mkono ule, ukijikata unabandika plasta unaendelea.

Niseme ukweli, divai ya Beaujolais nilikuwa naidharau. Nilikuwa naijua ile Nouveau tu, yaani divai mpya ya mwaka, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, zabibu zenyewe zimechumwa juzi juzi. Haraka sio kosa jamani, kwetu Tanga tembo la mnazi linagemwa asubuhi jioni limeisha, ila ile niliyoonja mimi ilinukia ndizi na pipi basi. Miaka ya 80 ilivuma dunia nzima na mgema akisifiwa mnajua kinachofuata, jina la mkoa mzima likachafuka.

Na zabibu yenyewe, gamay, maskini imeanza kutukanwa zamani. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe kwake, yeye anataka zabibu nyingine, pinot noir. Huku kusini, Beaujolais, ndo ikapata kwao, kwenye vilima vya graniti, na pale Côte du Py, kilima cha Morgon, kuna mawe yanameguka mkononi, wenyeji wanayaita mawe yaliyooza.

Kilichonibadilisha akili ni pipa. Vichala vinaingia vizima na vijiti vyake, hakuna kusaga, vya chini vinapasuka kwa uzito vinaanza kuchacha, ile hewa ya ukaa inajaa juu, na punje nzima nzima nazo zinaanza kuchacha ndani kwa ndani na ganda lake. Nikataka kuchungulia, mzee akanivuta shati, humo ukivuta pumzi mbili unaanguka. Akachota punje moja akanipa. Nikaitafuna ikanichomachoma ulimi kama soda! Zabibu, ina gesi, bado iko nzima. Nilicheka peke yangu.

Usiku ndo stori zinakuja, kuhusu Jules Chauvet, mfanyabiashara wa divai aliyekuwa pia mkemia, na Marcel Lapierre wa hapo hapo Villié-Morgon aliyemfuata, wakawa wanaacha hamira ya dukani na kupunguza salfa, ile dawa ya kuhifadhi divai, hadi karibu na sifuri. Lapierre alifariki 2010, watoto wake wanaendeleza. Mimi hizi divai za "asili" sio zote nazikubali, nyingine zinanuka zizi na mtu anakuambia ndo utamu wenyewe, hapana bwana. Ila Morgon ya mzee, ya miaka sita, ilikuwa inanukia cheri na udongo uliolowa, nikanyamaza nikasogeza glasi tena.

Jana Mama kapiga simu, eti nasikia ulikuwa shamba, zabibu za huko tamu? Nikamwambia tamu Mama, ila zina mbegu nyingi. Akasema basi nimletee kidogo nikija.