Sita na tisa

Mteja alitaka doti ya khanga. Nikamtajia elfu tisa, naye akataja bei yake, nikasikia tisa, nikasema haya chukua. Nahesabu noti nakuta elfu sita. Nikamjia juu mbele za watu mpaka jirani yangu wa meza akanivuta kitenge: "Mama, kasema sita, na wewe umeitikia." Khanga zikaenda, na aibu ikabaki kwangu.

Ilikuwa 2016, sokoni Morogoro. Nilikuwa mwezi wa nne wa matibabu ya kifua kikuu sugu. Makohozi yalishaonekana safi, nikaruhusiwa kurudi nyumbani na kufuata sindano zahanati kila asubuhi, Jumapili ndiyo mapumziko.

Hebu tamka sita, kisha tisa. Irabu ni zilezile, i na a. Kinachoyatofautisha ni s na t zilipokaa, na konsonanti hizo zina sauti nyembamba kuliko irabu. Mimi zilikuwa zimeshanitoka, nimebaki na irabu tupu. Ndiyo maana sikujihesabu kuwa nina tatizo: watu nawasikia vizuri tu, ila siwaelewi, nikawa nawalaumu kwamba wanamung'unya maneno.

Dalili ilikuwa imenitangulia kwa wiki tano. Masikio yalivuma, mlio mwembamba usiokoma, hasa usiku. Sisi tuliomeza kwinini tunaujua mlio huo: dozi ikiisha, nao unaisha. Nikanyamaza, muuguzi sikumwambia kitu. Hata nyenje walipoacha kulia nyuma ya nyumba nilidhani ni msimu. Kosa langu hasa ni hizo wiki tano, maana kila asubuhi nilipanga foleni na kuongezwa sindano nyingine.

Shangazi alinitia mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto. Daktari wa masikio, pua na koo alipochungulia alikuta ngoma ya sikio nzima, hakuna usaha, hakuna nta. Mafuta ya shangazi yalikuwa yameishia sebuleni, ugonjwa uko chumbani. Akagonga chuma chenye umbo la uma, akakisimamisha kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha akakileta mbele ya tundu, akauliza wapi nasikia zaidi. Nikasema mbele. Kwa mtu asiyesikia vizuri kama mimi, jibu hilo lilimwambia kwamba njia ya sauti iko wazi, hitilafu ni sikio la ndani.

Kipimo chenyewe nilifanyiwa kwenye chumba kimya, spika masikioni, nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Kwenye karatasi mstari ulianza vizuri kwa sauti nene, ukifika sauti nyembamba, hezi 4,000, unaporomoka kama njia ya kushuka Uluguru.

Daktari akaniambia ni kanamaisini, dawa iliyokuwa kwenye sindano zangu. Ndani ya kile kiungo kilichojikunja kama konokono mna seli za vinyweleo, kama 15,000 kila sikio, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya kwenda ubongoni. Dawa hiyo huingia ndani yake na kuziua, ikianzia zile zinazopokea sauti nyembamba. Nikauliza zitaota lini. Akasema kwa binadamu haziоti tena. Kwa kuku huota. Nina kuku sita nyumbani (sita kweli), na siku ile niliwatazama kwa wivu.

Sindano zilipunguzwa hadi mara tatu kwa wiki, kisha zikasitishwa, vidonge vikaendelea. Mapafu yalipona. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini isitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na siku hizi wagonjwa wengi humeza vidonge tu, bedakwilini ikiwemo. Nilifurahi kwa ajili yao, na nililia kidogo kwa ajili yangu.

Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu 2017, nikauliza kama nami nafaa. Nikaambiwa hilo ni la mtu ambaye shimesikio, vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kukuza sauti, hazimsaidii tena, na mimi sauti nene bado ninazo. Nikavaa shimesikio mbili. Siku ya kwanza nilitaka kuzitupa: karatasi inalia kama bati, bomba la maji linafoka, hatua zangu mwenyewe zinanishtua. Nilianza kwa saa mbili kwa siku, ndani ya nyumba, nikizungumza na mtu mmoja. Sokoni nilizipeleka mwezi wa pili. Betri zake hupumua hewa, kwa hiyo ukibandua kile kibandiko zinaanza kuisha hata kama hujavaa. Nilizibandua nne kwa pupa, nikapoteza nne. Usiku shimesikio nazilaza kwenye kopo kavu lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, maana jasho la sokoni huziua.

Hata nikiwa nimezivaa, kwenye kelele za pikipiki tisa na sita bado zinanichanganya, na midomoni hazitofautiani. Kwa hiyo nimegeuza meza, ukuta uko mgongoni na mteja usoni. Bei naibonyeza kwenye kalkuleta namgeuzia, yeye naye anibonyezee yake. Pesa ya simu siitikii mpaka nisome ujumbe.

Juzi kaja kijana, nikambonyezea 9,000. Akabonyeza 6,000. Nikamwambia hapana, na safari hii nilijua nimekataa nini.