Stoo yangu imeota

Aisee nilivyojenga stoo ya uani hapa Minneapolis, Marekani, nilijiona fundi kabisa, manake nimekulia Mbeya na toroli nimeanza kusukuma nikiwa darasa la tano, unachimba futi mbili ukikuta udongo mgumu unamwaga zege, maisha yanaendelea. Nikaweka nguzo sita za zege, juu mbao za dawa, kibanda futi 10 kwa 12, picha nikatuma mpaka kwenye grupu la ukoo.

Februari mlango ukagoma. Nikajua mbao imevimba, nikaupiga randa (usinicheke), wiki mbili mbele ukagoma tena, kuja kuweka pima maji nakuta kona ya nyuma imepanda karibu inchi mbili. Imepanda, sio imezama! Nikampigia mzee nyumbani, shikamoo baba, nikamweleza yote, akanyamaza kidogo akasema "Mwanangu, nyumba kutitia naijua, ya kuota sijawahi kuisikia."

Kumbe huku ardhi yenyewe inaganda, na kanuni za ujenzi za jimbo letu la Minnesota zinataka msingi ushuke inchi 42 huku kusini na 60 kule kaskazini, yani futi tano, mi na futi mbili zangu nilikuwa nasimika nguzo ndani ya friza. Watu wanasema maji yakiganda yanatanuka, kweli, kama asilimia 9 hivi, ila hiyo peke yake sio inayonyanyua kibanda. Shughuli iko hapa: barafu ikishaanza ardhini inavuta maji mengine kutoka chini kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa, inajipanga tabaka juu ya tabaka, na udongo laini kama unga ndo unaongoza kwa mchezo huo. Halafu inang'ang'ania nguzo ubavuni inaipandisha, chini panabaki uwazi tope linaingia, kwahiyo hata barafu ya ardhini ikiyeyuka nguzo hairudi ilikotoka, mwaka unaofuata inapanda tena. Na theluji ni blanketi jamani, uani kote ardhi imefunikwa, chini ya stoo hakuna theluji, baridi inashuka moja kwa moja.

Mzee jirani, wa hapahapa, akaniambia ama uende chini kupita baridi ama usichimbe kabisa ukae juu, katikati ndo balaa. Kuchimba futi tatu na nusu mara sita mgongo ulikataa. Nikachagua kukaa juu.

Nikapiga 811 kwanza, namba ya simu ya huku ya kupiga kabla hujachimba, wakaja kuweka alama za gesi na umeme, bure, usiruke hiyo hata kama unachimba kidogo. Nikatoa udongo wa juu wenye mizizi, nikatandika kile kitambaa cha kuzuia tope lisipande, juu yake inchi sita za kokoto za robo tatu ya inchi zilizooshwa, zisizo na vumbi, manake vumbi linashika maji na maji ndo adui wetu, nikazipitisha futi moja nje ya kuta kila upande, nikashindilia. Stoo imekalia magogo mawili ya dawa, ardhi ikipanda inapanda nayo yote kwa pamoja.

Januari hii hasi 25 mlango unafunguka kwa kidole. Zile nguzo nilizing'oa kwa jeki ya gari na mtaimbo, moja sasa ndo kigoda changu nikichoma nyama.